Kabla hujauliza RAM, uliza kioo chake Kigoma kinapatikana? Niliyoyapitia kwenye simu na kompyuta ya kuunga nyumbani

Kila wiki lazima mtu aniulize "kaka, nina laki nne, nichukue simu gani?" au "kompyuta ya kuedit niinunue wapi?". Mtu wa Dar nikimjibu hivi na mtu wa Kigoma namjibu vingine kabisa, na hilo watu wengi hawalielewi, wanaangalia video za wachambuzi wa simu wa nje huko wanasifia kitu halafu wanakikimbilia, kumbe yule anayesifia kikiharibika anavuka barabara tu anapata spea. Sisi spea inatembea zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar mpaka ikufikie Ujiji. Ndio maana nimeamua niandike yote niliyopitia, na pesa niliyotoa, mwenye kusoma asome.

Kazi yangu ni video. Harusi, kwaya, vipaimara, maulidi, na matangazo ya wafanyabiashara wa dagaa na mawese. Nilianza na simu tu sina kitu kingine, narekodi humo humo naedit humo humo.

Simu ya kwanza ya maana niliinunua mwaka 2021, jina lake silitaji maana sina ugomvi na kampuni. Laki tatu na nusu, RAM (memori ya kufanyia kazi) ya GB 8, kamera kali, betri inakaa. Kwa bei ile kwenye karatasi hakuna iliyoigusa. Sasa siku moja niko Kibirizi narekodi boti zinaingia asubuhi, mtu akanipiga kikumbo simu ikaenda kwenye mawe, kioo chali. Nikapanda Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, kwa mafundi nikiwa na uhakika ni jambo la nusu saa. Wa kwanza akaigeuza geuza akanirudishia. "Kaka hii sina kioo chake. Ungeniletea Tecno, Infinix, Samsung hizi za A, sa hivi hivi unaondoka nayo. Hii mpaka niagize Dar." Wa pili jibu hilo hilo, wa tatu hata hakuishika. Kikaagizwa, nikalipa na pesa ya basi, kikaja kioo cha toleo lenye jina karibu sawa ila mkanda wake wa kuchomeka kwenye bodi uko upande mwingine, hakiingii. Na mimi huku nina advansi ya watu ya harusi mfukoni. Nilikodi simu ya mtu kwa ile kazi, faida yote ikaishia hapo, na kiukweli usiku ule sikulala, sio kwa hasira ya kioo, ni aibu ya kumfikiria bibi harusi kama nisingepata simu ya kukodi.

Kuanzia hapo nina utaratibu ambao siuvunji. Kabla sijanunua simu naenda kwa fundi na jina kamili la toleo nimeliandika, namuuliza kioo kipo hapa Kigoma leo? Bei gani? Betri? Sistimu chaji? Fundi akijibu papo hapo bila kupiga simu Dar, hiyo simu inafaa kuishi na sisi. Akianza kusema "inapatikana, ni kuagiza tu" jua kioo kikipasuka unakaa bila simu. Na kuna sababu kwa nini spea za Tecno, Infinix na itel zimejaa kila kibanda, zote tatu ni za kampuni moja ya China inaitwa Transsion, makao yake Shenzhen, na soko lao kubwa walilijenga huku huku Afrika, kwa hiyo wauza spea wa jumla wanajua mzigo utaisha. Samsung za A nazo hivyo hivyo.

Kwenye sifa za karatasi nako kuna mambo. Ukiona simu imeandikwa RAM 8+8 ile nane ya pili sio RAM, ni kipande cha memori ya kuhifadhia kinaazimwa, na memori hiyo ni ya polepole kuliko RAM mbali sana. Hesabu ile ya kwanza tu. Kamera ya megapikseli 50 nyingi zinaunganisha pikseli nne kuwa moja, picha inayotoka ni ya megapikseli 12 na kitu, sio vibaya ila usiuziwe namba. Kwa mtu wa video kama mimi nilichohitaji ni lenzi yenye kutuliza mtikisiko, ile wanayoiandika OIS, maana kwenye harusi unatembea na maharusi huku unarekodi. Aina ya memori pia angalia, ikiwa eMMC simu ikishajaa video inaanza kusuasua, UFS ina kasi zaidi. Hii wauzaji wengi hawaijui, itafute mwenyewe mtandaoni kwa jina la toleo kabla hujatoka nyumbani.

Simu za mtumba, zile "used ya Dubai" na "used ya Marekani", sizikatai, nimenunulia ndugu zangu kadhaa. Ila fanya haya ukiwa bado umeshika pesa yako. Bonyeza *#06# itoke namba ya IMEI, yani namba ya utambulisho wa simu, itume kwa meseji kwenda 15090, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanakujibu ni simu gani hiyo, kama jibu linasema toleo jingine na wewe umeshika toleo jingine, rudisha uondoke. Wanaokumbuka mwezi wa sita 2016 simu feki zilipozimwa nchi nzima wanajua hii sio mchezo, mama mdogo alikuwa na simu yake ya laini nne yenye redio kali, ikalala mazima. Kama ni Samsung bonyeza *#0*# inafunguka sehemu ya kupima, pitisha kidole kioo chote uone kama kuna pahala hapashiki, pima spika, pima rangi. Halafu mwambie muuzaji aifute yote mbele yako iwake upya kama mpya, ikifika hatua ya kudai akaunti ya mwenye nayo wa zamani na muuzaji anaanza kusema "hiyo nitakutolea jioni", usilipe hata mia. Hata uhurumiwe bei vipi. Na risiti chukua, simu ya wizi ikikutwa kwako maelezo yako polisi bila risiti hayana nguvu.

Za Marekani zina jambo la ziada, nyingine zimefungwa kwa mtandao wa kule, nyingine zinafunguka ila masafa yake hayaendani vizuri na ya huku. 4G yetu inategemea sana masafa ya chini kama MHz 700 na 800 ambayo ndio yanafika mbali, simu isiyo nayo mjini Mwanga utaona iko sawa, ukienda vijiji vya kando ya ziwa inakuonyesha H au E tu, yani mtandao wa polepole, wakati mwenzako anapiga video call. Chomeka laini yako, washa data, pima hapo hapo.

Simu za mkopo, zile zinazojifunga usipolipa rejesho, nitasema kidogo tu. Jumlisha marejesho yote mpaka la mwisho uweke pembeni na bei ya keshi ya simu ile ile, halafu jiulize kama kipato chako kinaingia kila siku au kwa msimu. Wavuvi na wauza dagaa kuna siku za mbalamwezi hawaingii ziwani, pesa haiingii, na siku hizo ndio simu inajifunga.

Mimi mwisho nilijikusanya nikachukua Galaxy A34, mpya, karibu laki tisa, 2023. Niliumia kutoa ile pesa lakini ilikuwa na OIS, inarekodi 4K, inakubali memori kadi, na ina IP67 yani inavumilia maji ya kawaida mpaka kina cha mita moja kwa nusu saa, na ziwa letu halina chumvi. Kabla ya kununua nikaenda kwa fundi wangu na karatasi yangu. Akatoa vioo viwili akaviweka mezani sambamba akaviwasha. Kimoja orijino cha AMOLED, cheusi chake ni cheusi kweli kama kimezimwa. Cha pili kopi ya LCD, cheusi chake kama jivu, kinene kidogo, ukikiinamisha pembeni rangi inabadilika. Bei ya kopi chini ya nusu. Akaniambia kitu ambacho nilikuwa sijawahi kusikia. "Hii kopi nikikufungia, alama ya kidole isahau, maana ile inasoma kwa mwanga kupitia kwenye kioo, LCD haipitishi. Na nikishaifungua tu hiyo habari ya maji isahau pia, gundi yake ya kiwandani ndio ilikuwa inazuia." Kwa hiyo nikanunua simu nikijua kabisa kioo chake orijino ni bei gani, na nikaitenga hiyo hela polepole. Kava nzito na protekta vya elfu kumi na tano nilivifunga dukani kabla sijatoka.

Sasa kompyuta.

Kuedit harusi ya saa sita kwenye simu ni mateso, simu inachemka, inajaa, inaua betri. Mjomba akanishauri laptop, akasema Kigoma na umeme huu laptop ina betri yake. Ana hoja. Sisi tumekaa miaka na umeme wa majenereta ya mafuta kabla gridi ya taifa haijafika, mtu wa hapa anaujua mgao. Lakini laptop ya bei ninayoiweza ikichemka inajipunguzia kasi, na ikifa bodi imekufa yote, kioo chake nacho kinarudi kwenye hadithi ile ile ya kuagiza. Desktop kila kitu kinachomoka. Imekufa pawa saplai unabadilisha pawa saplai.

Nikaangalia kwanza desktop za mtumba za maofisini, Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Na hapa niseme wazi, kama kazi yako ni kuchapa barua, kuprinti, kujaza fomu za watu za ajira na za chuo, nunua hizo usihangaike na kuunga, ni ngumu kama chuma. Angalia mambo mawili tu. Moja, Windows 10 Microsoft wameacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane, kwa hiyo i5 ya kizazi cha nne inayouzwa rahisi sasa hivi jua kwa nini ni rahisi. Mbili, nyingi ya hizo pawa saplai zake zina plagi ya kwao peke yao, EliteDesk 800 G1 ina plagi ya pini sita kwenye bodi, OptiPlex 9020 ina ya pini nane, wakati pawa saplai ya kawaida dukani ni pini 24. Ikiungua Kigoma hapa utazunguka sana. Kwa steshenari bado ningekwambia chukua, ila ongeza na pawa saplai moja ya akiba kutoka kule kule.

Mimi kwa video nikaamua kuunga. Nikachagua AMD Ryzen 5 5600G, ile G mwisho ni muhimu, maana ina grafiki yake ndani, ile 5600 isiyo na G huwezi kupata picha kwenye monita mpaka ununue kadi ya grafiki. Kori sita, inakula umeme kidogo. Mazabodi, yani bodi kuu, ya B450. RAM 16 na nikasisitiza iwe vipande viwili vya 8, sio kimoja cha 16, kwa sababu grafiki ya ndani inatumia RAM hiyo hiyo na vipande viwili vinafanya kazi kwa pamoja, tofauti unaiona kwa macho.

Nikaenda mwenyewe Dar, nikafikia kwa shemeji. Kariakoo winga wakanipokea kama kawaida, "bosi njoo kila kitu kipo", kila mmoja anakupeleka duka lake na bei ina yeye ndani. Nikawashukuru, nikaenda maduka ambayo nilishaongea nayo kwa simu na bei nimetumiwa kwa meseji. Bei zilivyokuwa kwangu 2023: prosesa 420,000, mazabodi 240,000, RAM 130,000, SSD (ya kuhifadhia kazi) ya GB 500 120,000, pawa saplai ya wati 500 yenye alama ya 80 Plus, yani haipotezi umeme mwingi, 140,000, keisi 80,000, monita used ya inchi 22 120,000, kibodi na mausi 30,000. Kwenye pawa saplai kuna za elfu thelathini, nyepesi kama sanduku tupu, nilizishika nikazirudisha. Hiyo ndio inayogawa umeme kwa vitu vyako vyote, na umeme wetu wenyewe jioni unashuka na kupanda.

Sasa hapa ndio pointi ninayotaka mtu wa Kigoma aishike kuliko zote. Nikamwambia kijana wa dukani tuunge hapa hapa niione inawaka. Akasema "hamna shida bosi vyote vipya hivi, utaunga nyumbani". Nikamwambia nyumbani ni Ujiji, kaka yangu, mimi sitoki bila kuona picha. Akakubali, akafungua maboksi juu ya kaunta. Prosesa ikakaa kwenye soketi bila kulazimishwa, pembetatu ndogo ya dhahabu imelingana na ya kwenye soketi, akashusha kile kiwaya cha kubana, akaweka feni, RAM zikalia "tak" pande zote mbili. Akawasha. Feni zinazunguka, taa zinawaka, monita giza. Akachomoa RAM akarudisha, giza. Akabadilisha waya wa HDMI, giza. Moyo wangu ulikuwa unaenda mbio maana hapo karibu milioni yangu iko mezani na watu wanapita tu. Akaja mwenzake mkubwa kidogo, akatazama boksi la mazabodi akasema "hii ni stoku ya zamani, BIOS yake haizijui prosesa za 5000". B450 zilitoka 2018, prosesa hii ni ya 2021, bodi inaikubali ila mpaka isasishwe programu yake ya kuwashia, hiyo BIOS. Akachukua prosesa ya zamani ya dukani akaichomeka, ikawaka, akasasisha BIOS kwa flashi, akarudisha ya kwangu, picha hiyo. Hawakunidai kitu.

Fikiria ile giza ningekutana nayo chumbani kwangu Ujiji. Sina prosesa nyingine ya kuazima, Mwanga nzima sijui nani angekuwa nayo, ningejua nimeuziwa mbovu, ningerudisha kwa basi, wao wangeiwasha kule wakasema mbona nzima. Kwa hiyo iwake dukani kwanza, ndio ulipe yote. Ukiagiza bila kwenda, waambie wakutumie video inawaka ikiwa na namba za vifaa zinaonekana, na bodi zenye uwezo wa kusasisha BIOS bila prosesa zipo, ukipata hiyo ongeza hiyo pesa.

Vikafunguliwa vyote tena, kila kimoja kwenye boksi lake, nikapanda navyo basi, keisi na monita nikavifunga na godoro jembamba. Elfu arobaini ya mzigo. Babu yangu aliposikia kompyuta inakuja vipande vipande akasema mbona hata meli ya Liemba ilikuja hivyo hivyo, na ni kweli, Wajerumani waliijenga kwao 1913, wakaifungua wakaileta kwenye masanduku kupitia Dar, ikaja kuungwa hapa Kigoma, ikashushwa majini 1915. Niliipenda sana hiyo.

Nyumbani niliunga kwa utulivu, mlango umefungwa watoto wasiingie, nagusa chuma cha keisi mara kwa mara kutoa umeme wa mwilini. Iliwaka mara ya kwanza. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu kanishika bega, nilishindwa kuongea.

Kwa kazi natumia programu ya kuedit inaitwa DaVinci Resolve, toleo la bure, video za 4K natengeneza kwanza nakala nyepesi ndio naedit, mwisho inatoa ile nzito. Umeme watu wananiuliza sana, ikifanya kazi na monita ni kama wati 100 hivi, saa tano ni nusu uniti, haifiki shilingi mia mbili kwa siku. Sio mzigo. Vumbi ndio mzigo, kiangazi vumbi letu jekundu linaingia kila pahala, usiiweke chini sakafuni, iweke mezani na kila baada ya muda ifungue uipulize.

Na tafadhali sana msinunue zile flashi za "2TB" za elfu ishirini. Rafiki yangu mpiga picha wa Kasulu alihamishia humo kazi za kwaya, zilionekana zimeingia zote, majina yote yapo, kumbe uwezo wake wa kweli ni GB chache na zikijaa inaandika juu ya za mwanzo. Hakuna aliyeweza kuzirudisha, na kwaya ile mmoja wa waimbaji wake alishafariki. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inajaza flashi yote na kuisoma, inakwambia ukweli. Kazi za watu ziweke sehemu mbili siku zote.

UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, niliinunua hapa hapa Mwanga, 650VA kwa 160,000. VA sio wati, ile ya kwangu ni kama wati 360 tu, kwa hiyo printa ya leza usiichomeke humo, na usitegemee kuendelea na kazi umeme ukikatika, inakupa dakika za kuhifadhi na kuzima. Betri yake ndani ni ya volti 12, 7Ah, ikichoka usitupe UPS, inauzwa yenyewe. Ukienda kununua nenda na ile ya zamani mkononi, maana kuna zenye vichwa vipana na vyembamba, na waya za ndani haziongezeki.